Damu kwenye choo cha kijana si amiba kila mara

Dada wa Majengo, pole. Kijana wako wa miaka 13 anatoa damu chooni, keshapewa dozi tatu za dawa ya amiba, na unauliza kama anaweza kupata saratani ya utumbo mpana, maana jirani kakwambia ni ugonjwa wa wazee. Anaweza, ila ni nadra mno. Mtoto akitoa damu bila maumivu, mara nyingi ni kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, kisicho saratani, na hukatwa kwa kifaa cha kamera kinachopitishwa njia ya haja kubwa kupima utumbo. Kwa hiyo usianze kulia.

Kinachonisumbua ni hizo dozi tatu za amiba. Dozi ya kwanza naielewa, huku kwetu nani hajapewa? Lakini damu ikirudi, tena kijana anakonda, tumbo linamsokota na damu mwilini imepungua, dozi ya nne ya nini? Saratani hii kwa vijana huchelewa kugunduliwa kwa sababu hiyohiyo: kila mtu anawaza minyoo, amiba au kidole tumbo.

Halafu uliza upande wa baba na wa mama: kuna aliyeugua saratani ya utumbo kabla ya miaka 50? Zipo familia zinazorithi vinyama vya aina nyingine, kwa mamia, ambavyo huweza kugeuka saratani, na mzazi mwenye hitilafu hiyo humrithisha mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Watoto wa familia hizo hupimwa kuanzia miaka 10 hadi 12.

Omba rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, wiki hii. Sema wazi unataka apimwe utumbo kwa kamera, na ubebe vyeti vyote vya zile dozi.