Siku tatu bila kugeuka nyuma

Swali lenu la wiki hii: "Safari gani ungeirudia hata kesho asubuhi, na kwanini?"

Mi yangu ni siku tatu za baiskeli mwezi wa nne mwaka jana, kusini mwa Hispania, kwenye njia inayoitwa Vía Verde del Aceite, yaani njia ya kijani ya mafuta, mafuta yenyewe ya zeituni. Nilienda na kaka yangu. Naomba mnivumilie nianze na huyo kaka kwasababu bila yeye hamtaelewa kwanini safari hii imenikaa moyoni hivi.

Sie ni watu wa Tanga. Baba alikuwa mtu wa reli, na kwetu baiskeli haikuwa mchezo wala mazoezi, ilikuwa ndo miguu yenyewe, Tanga hata akina mama na mabaibui yao wanapiga baiskeli kwenda sokoni na hakuna anayeshangaa. Mi nilijifunzia Phoenix ya kaka, nikipitisha mguu katikati ya fremu maana siti sikuifikia. Kaka yeye alikuwa anabeba machungwa kutoka Muheza kuja mjini, matenga mawili kwenye keria, kilomita zaidi ya 30, anatoka alfajiri. Mwaka 1998 lori lilimpitia karibu mno, honi ikapigwa mara moja tu na saiti mira ikamchapa bega la kushoto, akaenda mtaroni yeye na machungwa yake, na lori halikusimama. Alipona, alhamdulillah, ila lile bega mpaka leo mvua ikikaribia linamwambia. Na tangu siku ile kaka hakupanda tena baiskeli kwenye lami. Mitaani kidogo, dukani na kurudi, basi. Miaka zaidi ya ishirini.

Mimi naishi mji wa Córdoba, huko huko kusini mwa Hispania, nahudumia wazee majumbani mwao, na mwaka jana nikafanikiwa kumleta kaka anitembelee. Wiki ya kwanza nikamwambia kuna njia nataka tukaiendeshe. Akaniuliza neno moja tu:

"Magari?"

"Hamna kaka."

"Hamna kabisa, dada?"

Nikamwambia ukweli wote, kwamba njia inakatiza barabara sehemu kadhaa, na pale unasimama, unaangalia kote kote, unavuka, na kuna wakulima wenye ruhusa ya kupita na trekta kuingia mashambani kwao. Zaidi ya hapo ni wewe na mizeituni. Akanyamaza, afu akasema haya, tutaona.

Sasa kwanini njia ile haina magari. Ni kwasababu ilikuwa reli. Miaka ya 1890 ilifunguliwa njia ya treni kutoka upande wa Jaén mpaka mji wa Puente Genil kwa ajili ya kusafirisha mafuta ya zeituni, watu wakaiita treni ya mafuta, na hiyo ni miaka ile ile Wajerumani walipoanza kujenga reli yetu ya Tanga, mwaka 1893. Kaka nilipomwambia hilo alifurahi sana, akasema basi hizi reli ni rika moja. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 serikali ya Hispania ikawa inafunga njia nyingi za treni zisizolipa, na hii nayo ikafungwa. Afu mwaka 1993 ukaanza mpango wa nchi nzima wa kuzigeuza reli zilizokufa kuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli, unaoratibiwa na taasisi inaitwa Fundación de los Ferrocarriles Españoles, na leo njia hizo kwa jumla zimepita kilomita 3,000. Hii ya kwetu pamoja na sehemu yake inayoitwa Subbética ni kama kilomita 128, kutoka mji wa Jaén mpaka Puente Genil. Mataruma na vyuma vimeng'olewa, juu wameweka changarawe nyembamba iliyoshindiliwa vizuri, sehemu nyingine lami, lakini madaraja, mahandaki na stesheni vimebaki.

Na kwa mwenye bega bovu na miaka hamsini na kitu, cha maana kuliko vyote ni mwinuko. Baba alikuwa akitwambia treni haipandi mlima, inaubembeleza. Ndo ilivyo. Njia inazunguka kilima taratibu, inakata pale ilipobidi kukata, inaruka bonde kwa daraja, na mara chache sana utakuta inapanda zaidi ya mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Pembeni unaona barabara za vijijini zinapanda mpaka unawaonea huruma wanaozipanda, wewe huku unakanyaga pole pole na pumzi ya kuongea unayo.

Tulikodi baiskeli kwenye stesheni ya zamani ya Doña Mencía, tukaelekea mashariki. Mi nilikaa nyuma kwa makusudi, nilitaka nimuone anavyoendesha. Na niliyoyaona yaliniuma. Njia ni pana, inatosha baiskeli tatu kwenda sambamba, lakini kaka alikuwa ameng'ang'ania ukingo kabisa wa kulia, tairi linapita kwenye majani, mikono imekaza usukani, na kila baada ya muda mfupi shingo inageuka nyuma. Hakuna kitu, anageuka. Ndege anaruka kichakani, anageuka. Mi mwenyewe baiskeli yangu ilipokwaruza jiwe alishuka kabisa mguu mmoja chini akingoja kipite. Sikumwambia kitu. Utamwambia nini mtu ambaye masikio yake yamekuwa kwenye zamu miaka yote hiyo?

Tukapita chini ya Zuheros, kijiji cheupe pee kimening'inia kwenye mwamba na ngome yake juu, tukasimama Luque ambapo stesheni ya zamani siku hizi ni mgahawa, tukala mkate wa kuchoma uliopakwa nyanya ya kusaga na kumwagiwa mafuta ya zeituni mpaka yanachuruzika kwenye vidole. Pale nje alikuwepo mzee na mkongojo wake anaota jua. Kaka alipopita karibu yake mdomo ukamtoka wenyewe: "Shikamoo mzee." Yule mzee hakujua ni neno gani ila alijua ni heshima, akavua kofia, akamjibu kwa Kihispania na akampisha kwenye benchi. Wakakaa. Mi natafsiri. Mzee akaonyesha mashamba kwa mkongojo, akasema aceituna. Kaka akaniangalia: "Kasema zeituni?" Na kweli ni neno moja, wao wamelipata kwa Waarabu waliotawala huku karne nyingi na sisi wa pwani tumelipata kwa Waarabu hao hao kwa njia ya bahari, na hata aceite, mafuta, limetoka humo humo. Nikamweleza mzee, akacheka kwa furaha, akarudia zeituni, zeituni, kama anaonja kitu.

Baada ya Luque ni mizeituni tu. Mkoa wa Jaén peke yake una mizeituni zaidi ya milioni 60, na ukiisikia kwa namba haikuingii, mpaka uwe katikati yake uone mistari inapanda kilima hiki, inashuka, inapanda kile, mpaka inakutana na mbingu. Na kimya. Siyo kimya cha kukosa sauti, maana unasikia mnyororo, unasikia changarawe, mbwa wa shamba la mbali, maji kwenye mfereji, kengele za mbuzi usiowaona. Ila hakuna injini, saa nzima inapita hakuna injini.

Kabla ya mji wa Alcaudete kuna daraja la chuma juu ya mto Guadajoz, ndo mpaka wa mikoa ya Córdoba na Jaén. Kaka alishuka, akaiegemeza baiskeli, akaweka kiganja kwenye chuma, akawa anapapasa vile vichwa vya duara vya misumari iliyofunga mabamba, kimoja baada ya kingine, baba alivyokuwa akifanya akitupeleka kuona mabehewa. Hakusema kitu na mi sikusema. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kushuka.

Tukalala Alcaudete, kesho yake tukageuza kurudi magharibi. Na hapa ndo penyewe. Tulipofika tena lile daraja, mi bado niko nyuma, nikagundua kaka anaendesha katikati ya njia. Katikati kabisa. Mkono mmoja kwenye usukani, ule wa bega bovu umelala juu ya paja, na shingo imetulia. Sijui ilianza saa ngapi maana nilikuwa nimesahau kuangalia. Nililia jamani, nyuma ya miwani, nikiwa nakanyaga, na nikashukuru hakugeuka, kwa sababu hiyo hiyo kwamba hakuwa na haja ya kugeuka.

Cabra tulilala siku ya pili, na ya tatu tukaenda mpaka Lucena na kurudi. Upande huo kuna handaki lenye kona, ukiingia huoni mwanga wa ng'ambo mpaka ufike katikati. Kaka alitangulia. Nilimsikia anapiga kengele mle ndani, kring kring, kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli sikukuu ya Idi.

Nawaambia wanaotaka kwenda, msiende mwezi wa saba na wa nane, Córdoba joto linapita nyuzi 40 na kivuli njiani ni kidogo. Mwezi wa nne na wa tano, au wa kumi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja wanavuna, matrekta yanakuwa mengi kwenye vivuko ila hewa inanuka mafuta mabichi na wengine wanaipenda hiyo. Bebeni maji ya kutosha, stesheni siyo zote zina kitu. Na kama hamna siku tatu, iko nyingine upande wa Cádiz, Vía Verde de la Sierra, kutoka Olvera mpaka Puerto Serrano, kilomita 36 na mahandaki 30. Reli ile ilichongwa miaka ya 1920 na haikupitisha treni hata siku moja, kazi yote ile ya mikono ya watu ikalala miaka na miaka mpaka baiskeli zikaja. Pale kuna mwamba wa Zaframagón wenye tai mzoga wengi ajabu, unaendesha na vivuli vyao vinakupita chini ya tairi. Nimeenda mwenyewe mara mbili na nitaenda tena, lakini mmeuliza ya kurudia hata kesho, na mi kesho yangu ni ile na kaka.

Jioni ya siku ya tatu tulirudisha baiskeli Doña Mencía. Kijana wa pale alikuwa anataka kufunga, kaka akamwomba kwa ishara asubiri kidogo. Akatoa leso mfukoni, akafuta vumbi kwenye fremu, akafuta usukani, akafuta kengele, akaikabidhi kwa mikono miwili. Tukaanza kutembea kwenda stendi ya basi, tumefika mbele kidogo akasimama.

"Hebu mrudie yule kijana dada, muulize kesho wanafungua saa ngapi."