Mkwaruzo wa sauti usiufiche

Mwanangu, umeuliza kama ufiche mkwaruzo wa sauti yako kwa kuwa wenzako katika kikundi cha taarab wanakucheka, au kama kasoro ndiyo humpendezesha msanii. Usiufiche. Msikilize Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar: sauti kavu, nzito, inayokwaruza, naye hakujaribu kuilainisha. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, na alipofariki Aprili 2013 watu walifurika mazikoni. Mkwaruzo ule ulitufanya tumwamini. Ukimsikia akiimba mapenzi, unajua kayaishi.

Lakini huyu alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, gwiji wa taarab aliyemtangulia, na ngoma ya unyago aliijua barabara. Kasoro yake tuliipenda kwa sababu kazi aliiweza.

Hilo la pili ulilolitaja, la kusahau beti, mimi silihesabu pamoja na sauti. Hebu fikiri: fidla na ganuni, zile ala za nyuzi, zinazungukia pale pale zikikusubiri, na yule bibi aliyekwisha kuinuka na noti mkononi aje kukutunza anangoja mstari unaomgusa yeye. Ukiumeza, anarudi kitini. Wakikusamehe leo, wiki ijayo watachoka. Shairi lihifadhi kabla ya mazoezi.

Mwombe mpiga udi akushushie ufunguo, upate mahali sauti inapokaa bila kukaza koo. Usianze sigara kwa kutafuta mkwaruzo zaidi, nakusihi. Na kama mkwaruzo wenyewe umeanza karibuni tu na hauondoki, nenda kwa daktari wa koo kabla hujapanda tena jukwaani.