Senti kubwa za Marekani: kuutambua muhuri ulioipiga sarafu

Senti kubwa za shaba zilipigwa Philadelphia kuanzia 1793 hadi 1857, na katika miaka yote hiyo ni 1815 tu usioonekana kwenye sarafu. Mgeni wa kazi hii aanze na zile za 1793 hadi 1814. Katika mihuri ya enzi hiyo, yaani vyuma vilivyoigonga sura kwenye sarafu, herufi, tarakimu na vitunda vya shada viligongwa kwa mkono, panchi (kichuma chenye umbo la alama moja) baada ya panchi, wala fundi hakuweza kurudia kazi yake sawasawa. Hapa E imepanda, pale 7 imeinama, kwingine kitunda kimesahaulika. Kwa tofauti hizo William Sheldon, mtaalamu wa senti hizi, alizipanga senti hizi mwaka 1949, kuanzia S-1 hadi S-295.

Kila namba ni ya jozi: muhuri wa kichwa pamoja na muhuri wa shada la majani. Muhuri mmoja uliweza kutumika na wenzake kadhaa, kwa hiyo tambua kila upande peke yake. Anayetambua kichwa kisha akakisia shada hukosea mara nyingi, hata akiwa na macho mazuri.

Vifaa ni vichache: lenzi inayokuza mara 5 hadi 10 na taa moja iliyowekwa ubavuni. Taa ikitulia na sarafu ikizungushwa polepole, herufi iliyolika itatupa kivuli. Mwanga wa juu hufuta kila kitu. Ishike ukingoni, na usiisugue kwa chochote. Shaba iliyong'arishwa hupoteza thamani, na alama ndogo unazozitafuta huondoka na uchafu.

Soma mwaka, kisha mtindo. Chukua 1798: nywele ni za mitindo miwili, na wa pili una msokoto mdogo zaidi karibu na bega. Upande wa shada, tazama ncha ya tawi la kulia. Jani moja ni mtindo wa 1795. Majani mawili ni wa 1797, nao una majani 16 kushoto na 19 kulia. Kwa hatua hii tu, sehemu kubwa ya orodha ya mwaka huo imeshaondoka mezani.

Sasa pima nafasi. Wimbi la nywele lililo juu kabisa liko chini ya herufi ipi ya LIBERTY? Tarakimu ya mwisho iko umbali gani na kifua? Ncha za majani zinaelekea mguu upi wa herufi za juu? Kistari cha 1/100, sehemu iliyoandikwa chini ya shada, kinaanzia wapi, kinaishia wapi? Andika majibu kabla ya kufungua picha za kulinganisha. Ukitangulia kuangalia picha, jicho litaona linachotaka.

Nyufa zije baadaye. Muhuri ulipopasuka, shaba iliingia ndani ya ufa, kwa hiyo kwenye sarafu ufa ni mstari ulioinuka, mkwaruzo umezama. Zaidi ya hapo, ufa hukua. Senti iliyopigwa muhuri ungali mzima haina ufa wowote, ilhali namba yake ni ileile. Ufa ukiwepo unakuunga mkono. Usipokuwepo haukanushi kitu. Kazi yake hasa ni kuonyesha ipi ilipigwa mapema na ipi ilichelewa.

Mfano mzuri ni 1804, mwaka wenye jozi moja tu, S-266. Za mwisho zina alama ya ukingo wa muhuri uliomeguka juu ya RTY ya LIBERTY upande mmoja na juu ya MERIC ya AMERICA upande wa pili, za mwanzo hazina. Zote, lakini, zina 0 ya tarehe iliyo sambamba na O ya OF nyuma yake. Kipimo hicho huwaumbua wanaochonga 4 kwenye sarafu ya mwaka mwingine. Ile iliyopigwa upya miaka mingi baadaye kwa mihuri chakavu ni rahisi zaidi: shada lake ni la 1820, halina 1/100 kabisa.

Usisahau ukingo, hasa kwa 1793 na 1795. S-11a, S-11b na S-11c ni mihuri ileile, tofauti ni ukingo: mizabibu na mistari, maandishi yenye majani mawili, maandishi yenye jani moja. Mwaka 1795 uzito ulishushwa kutoka greni (kipimo kidogo cha uzito) 208 hadi 168 na maandishi ya ukingoni yakaachwa, kwa hiyo mizani ni shahidi mzuri. Ukiona mshono ukingoni, hiyo ni nakala ya maganda mawili yaliyounganishwa.

Pande zote mbili zikilingana na mihuri inayojulikana, ila jozi yake huioni, pitia kwanza namba za NC, zile adimu ambazo Sheldon aliziweka kando. Nazo zikikataa, rudi kwenye upande uliolika zaidi ukaupime upya.