Hukumu ya kununua na kuzalisha mbwa wa ukoo wa mashindano

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Nina shamba la parachichi na ng'ombe wachache wa maziwa huku Rungwe. Mtu mmoja wa Mbeya mjini ananiuzia mbwa jike mchanga aina ya German Shepherd, ambaye wazazi wake wameshinda kwenye maonyesho na wana hati ya ukoo. Nataka alinde shamba, kisha nimpandishe kwa dume la ukoo huohuo, ambalo mwenyewe hutoza ada, ili niuze watoto. Je, inafaa?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullah. Ndugu yangu, umeuliza kwa pamoja mambo ambayo hukumu zake hazifanani, kwa hiyo nitaanza na lililo jepesi. Bukhari na Muslim, katika vitabu vyao vya hadithi, wamepokea kutoka kwa masahaba Abu Hurayra na Ibn Umar, Allah awawie radhi, kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku, isipokuwa awe mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Wewe una mifugo na una shamba, na kila aliyelima huko anawajua ngedere na nguruwe pori, basi kufuga kwako hakuna tatizo. Lakini ruhusa hii imefungamana na kazi, haikufungamana na ukoo, na anayemweka mbwa kwa ajili ya vikombe vya mashindano tu hayumo katika ruhusa hiyo.

Kununua ndiko kuzito. Mtume (s.a.w.) alikataza thamani ya mbwa, yaani fedha inayopokelewa kwa kumuuza, na madhehebu ya Imam Shafi, tunayoifuata wengi wetu, yamelichukua katazo hilo kwa upana wake, hata kwa mbwa aliyefunzwa. Imam Abu Hanifa aliruhusu kumuuza mbwa mwenye manufaa. Wanazuoni wa Kishafi nao waliacha njia moja: mwenye mbwa wa kazi ana haki ya kumshika ingawa si mali yake, na anaweza kupokea fedha ili aondoe mkono wake katika haki hiyo. Njia hiyo ni ya mwenye haja kama wewe, tena ukipewa bure ni salama zaidi. Kuigeuza biashara ya watoto wa mbwa kila mwaka sioni kuwa ndiyo waliyoikusudia.

Ada ya dume haina mlango. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza malipo ya kupandisha dume, na ikiwa katazo hilo linamgusa hata fahali, ambaye ni mali halali ya mtu, basi mbwa ni zaidi. Mwenye dume akikuazima bila kutoza, nawe baadaye ukamkirimu pasipo sharti, hapo pana nafasi.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Max von Stephanitz alipoasisi chama cha mbwa hawa nchini Ujerumani mwaka 1899 aliwataka wa kuchunga na kufanya kazi, lakini katika baadhi ya koo za maonyesho wafugaji wamechagua mgongo ulioteremka nyuma, na mara nyingine wamepandisha ndugu kwa ndugu ili umbo hilo lisipotee. Ugonjwa wa nyonga, unaorithiwa, umeenea katika aina hii, na humfanya mnyama achechemee kwa maumivu. Katika hadithi, aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Sijui atajibu nini anayezalisha mateso akijua, kwa sababu ya kikombe. Basi kabla ya hati, omba picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili, na muuzaji asipokuwa nazo, muache mbwa huyo.

Ukimpata, mjengee banda lake karibu na zizi, na chombo atakachokilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Akizaa, watoto uwagawie majirani wenye mifugo bila bei. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.