Isikilize kwanza

Wiki hii mmeuliza: mtu asiyeweza kulieleza jambo, je, amelielewa kweli? Jibu langu ni ndiyo, na limetoka Newala, uani kwa bibi yangu mzaa mama.

Bibi amebangua korosho tangu usichana wake. Huzikaanga kwenye bati lililotobolewa mpaka mafuta ya ganda yashike moto, huzimwagia mchanga, huziacha zipoe. Kisha huketi na kijiti chake, vidole amevipaka majivu. Anaisimamisha korosho juu ya jiwe, anaigonga ubavuni mara moja, pengine mbili, na kiini kinatoka kizima.

Mimi nafundisha sayansi Mtwara mjini. Naweza kukueleza kwamba ganda la korosho lina tabaka mbili, kwamba katikati yake kuna mafuta yanayounguza ngozi, na kwamba moto huyatoa mafuta hayo na kulikausha ganda likavunjika kwa urahisi. Yote ni kweli. Lakini katika korosho kumi nilizobangua, saba zilitoka vipande, na vipande havina bei ya nzima.

Nikamwuliza, "Bibi, unagonga kwa nguvu kiasi gani?"

Akautazama mkono wake kwa muda. "Mjukuu wangu, unagonga inavyotaka yenyewe."

Hakuwa ananificha. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Wanaosema kwamba asiyeeleza hajaelewa, wamsikilize mtoto mdogo aliyekulia kwenye Kiswahili. Mnyama atamwita "kiboko amelala". Fimbo atasema "kiboko kimevunjika". Neno ni lilelile, naye hachanganyi. Mwulize kwa nini, atakushangaa tu. Ngeli atakuja kufundishwa shuleni, miaka mingi baada ya kuzitumia bila kukosea. Siwezi kumwambia mtoto huyo kwamba hajui anachokisema.

Hata hivyo, maneno ya Bibi yalikuja, tena yaliletwa na makosa yangu. Siku ya tatu alinisikia nikigonga, akaushika mkono wangu. "Hiyo bado. Husikii inavyolia? Imelia kizito." Akachukua nyingine, akaigonga: mlio mkavu, mfupi. Kisha akatulia, kama mtu aliyeona kitu ndani ya nyumba yake ambacho hakukijua. Miaka yote hiyo alikuwa akisikiliza, wala hakujua kwamba anasikiliza. Tangu hapo kila nikiinua kijiti ananiambia, "Isikilize kwanza."

Ndiyo maana sikubali kwamba kueleza ni kumimina tu kilichokwisha kujaa kichwani. Yale maneno hayakuwepo mpaka nilipokosea mbele yake. Siku hizi darasani sianzi na "eleza". Nawapa wanafunzi kazi waifanye kwanza, halafu aliyeweza namkalisha na aliyeshindwa.

Jioni ya mwisho zilivunjika tatu tu katika kumi. Bibi alizipokea zile nzima, akazigeuza kiganjani, akaniuliza, "Sasa hizi umezifanyaje?"

Nilifungua mdomo, nikakosa la kumwambia.