Kuuza hisa za kampuni inayoyumba

SUALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete. Sehemu ya kiinua mgongo changu nilinunulia hisa za kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa pili haitoi gawio, na bei imeshuka hadi thuluthi ya ile niliyonunulia. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye ni mhasibu huko, amenambia kwa siri kwamba hesabu zitakazotangazwa ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Mwenzangu tunayeswali naye anazitaka hisa hizo kwa kuwa ni rahisi. Anataka tupatane bei, kisha tupitie kwa dalali. Je, nimuuzie? Na zaka yake ikoje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Namuomba Mwenyezi Mungu akufidie kilichopungua, kwani najua kiinua mgongo ni jasho la miaka mingi ya chaki na ubao.

Hisa ni fungu la mali ya ushirika, na mwenye nayo ni mbia anayepata faida na kubeba hasara kwa kadiri ya fungu lake. Maadamu kazi ya kampuni ni ya halali, unaruhusiwa kuliuza fungu lako hata kwa hasara, wala hulazimiki kulishikilia mpaka kampuni ifilisike, ambapo wanaoidai hulipwa kwanza na wenye hisa hugawana kilichobaki, kikibaki. Kushuka kwa bei kunakojulikana na kila mtu si aibu iliyofichwa, kwa hivyo anayenunua kwa bei hiyo ananunua huku anaona.

Uzito wa suali lako uko kwenye ile siri. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenyewe akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Sisi Pemba tunalijua jambo hili kwa karafuu: mtu hutandaza kavu juu, na mbichi akaziacha chini ya gunia, na mnunuzi anayetia mkono juu juu husikia kavu tupu. Ukimuuzia mwenzako leo, wewe umeshaugusa ubichi wa chini naye hajaugusa.

Huenda ukasema, basi nitamueleza. Hapana, ndugu yangu, kwa sababu habari hiyo ni amana ya kampuni, na kijana wetu amekosea kukupa. Ukiipeleka mbele utakuwa umeongeza khiyana juu ya khiyana. Wala kumuuzia mtu usiyemjua hakukuokoi, kwani nyuma ya dalali yupo mwanaadamu anayetoa pesa zake. Isitoshe, Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994 inakataza kufanya biashara ya hisa kwa kutegemea habari za ndani. Kwa hivyo usiuze, na usinunue nyengine, mpaka hesabu zitangazwe. Zikitangazwa, wewe na mwenzako mtakuwa sawa katika kujua, na hapo uza ukitaka. Huenda bei ikashuka zaidi katika kungoja huko, nami sikufichi kuwa itauma. Istikhara iswali wakati huo, kwa kuwa istikhara ni ya kuchagua baina ya mambo ya halali.

Zitazame pia hesabu hizo kwa upande wa mikopo ya riba. Wanazuoni wengine wa zama hizi hawakubali hisa za kampuni yenye mikopo hiyo kabisa. Wanaoruhusu, wengi wao huweka mpaka wa asilimia 30 ya thamani ya hisa zote sokoni. Bei ikianguka na deni likabaki palepale, kampuni iliyokuwa ndani ya mpaka hutoka nje yake bila ya kukopa hata shilingi moja. Ukiikuta imetoka, mimi nakunasihi uondoke.

Ama zaka, ikiwa ulizinunua kwa nia ya kuziuza upate faida, hizo ni mali ya biashara: mwaka ukitimia zitathmini kwa bei ya sokoni ya siku hiyo, si kwa bei uliyonunulia, ujumlishe na akiba yako ya pesa, na jumla ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu utoe asilimia 2.5.

Wallahu aalam.