Tajiri Akija Kambini, Muulize Nani Meneja Wako

Juzi kijana mmoja wa Tanga aliniandikia. Ana mapambano machache, yote kashinda, na sasa kajitokeza mfanyabiashara anayetaka kumchukua: chumba, posho ya mwezi, viatu vipya vya ulingoni na ahadi ya kwenda kupigana Dubai. "Shikamoo kocha. Hawa matajiri wanaoingia kwenye ngumi siku hizi wanatusaidia kweli, au wanatutumia tu?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu langu ni refu, na najua wengi mnaosoma hapa mnautaka mkanda wa ubingwa kama yeye, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Kwanza tuwape matajiri haki yao. Aliyepigana kabla televisheni hazijaanza kuhangaika na ngumi anakumbuka ukumbi wa baa uliofungwa kamba, mwamuzi anasubiriwa, daktari hayupo, na malipo yanategemea wangapi wamekata tiketi mlangoni. Leo Azam wanarusha pambano mubashara, na bondia wa Morogoro anatambuliwa akipita Mwanza. Enzi za mabondia Twaha Kiduku na Dullah Mbabe nilipanda daladala ya Mbagala nikakuta abiria wanabishana kuhusu ngumi, wakati kawaida yetu ni Simba na Yanga. Ile ni pesa ya watu, haikudondoka kutoka mbinguni.

Huko Riyadh ndiyo usiseme. Eddie Hearn na Frank Warren, mapromota wakubwa wa Uingereza, yaani waandaaji wa mapambano, kwa miaka mingi hawakupikika chungu kimoja, na mabondia wao wakawa hawakutani. Turki Alalshikh, kigogo wa burudani wa Saudia, akafungua mfuko, na Juni 2024 wakapanga mabondia watano wa huyu dhidi ya watano wa yule katika usiku mmoja. Wiki mbili kabla, Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda Mwingereza Tyson Fury hukohuko, na uzito wa juu ukapata bingwa mmoja asiye na mpinzani, jambo ambalo halikuonekana tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Oktoba wakakutana mabingwa Beterbiev na Bivol. Mapambano haya tuliyaomba tukachoka. Kila promota alikuwa analinda mali yake, mpaka alipokuja mwenye pesa kuliko wote akawaita mezani. Anayesema matajiri hawajaleta kitu hatazami ngumi.

Sasa yangu.

Mimi nilichukuliwa na tajiri wa vipuri vya magari. Jina lake silitaji, watu wa Manzese wa enzi hizo wanamjua. Alikuwa mtu mwema, na hili nalisema bila kinyongo, au niseme kinyongo kipo kidogo. Alinilipia chumba Mabibo, akaninunulia nyama na mayai, na mama yangu alipougua usiku alileta gari yeye mwenyewe. Nilimwita Baba. Alipoleta karatasi nikasaini juu ya boneti ya gari lake, na kwa njaa niliyokuwa nayo, hata leo ningesaini.

Nikawa nashinda tu. Mpinzani anamtafuta yeye, ukumbi anakodi yeye, mwamuzi anakula kwake. Msinielewe vibaya, nilikuwa mzuri. Mkono wangu wa kushoto uliwalaza na watu ambao hawakuletwa kulala. Ila rekodi yangu ilikuwa inanoneshwa kama mbuzi wa Idi, na mimi sikuwa nimeambiwa Idi ni lini.

Idi ikaja kwa simu kutoka Ulaya. Muda wa kujiandaa ulikuwa mfupi, na mpinzani alikuwa wa uzito wa juu kuliko wangu. Nikauliza, "Baba, mbona huyu ni mkubwa?" Akasema, "Wewe nenda ukajitangaze." Kocha wangu hakupata viza. Kwenye kona nikapewa mzungu mmoja mpole aliyekuwa ananiita kwa jina la bondia mwingine. Mwamuzi alisimamisha raundi ya sita, na aliposimamisha mimi nilikuwa bado nimesimama kwa miguu yangu. Hilo nataka lijulikane.

Hotelini, mtu wa upande wa pili, katika kunipongeza kwa moyo, akanitajia kiasi kilicholipwa kwa ajili yangu. Nilichopewa mimi hakikufika robo. Niliporudi Dar nikataka kulalamika, nikakuta sina wa kumlalamikia. Wa kunipigania nilipwe vizuri ni meneja, na meneja alikuwa yeye. Wa kubanwa alipe ni promota, na promota alikuwa yeye. Baada ya hapo akahamia kwenye Bongo Fleva, maana muziki ulikuwa umeanza kulipa. Mimi nikaachwa, mkataba haukuniacha. Mapromota wengine walinitaka, karatasi ikasema mpaka yeye aridhie, na yeye simu hapokei. Miaka yangu mizuri ikaishia kwenye danadana hizo.

Siku hizi nafundisha. Vijana wangu wanafanya vizuri, waulizeni waliokutana nao.

Nilikuja kugundua kwamba wenzangu wakubwa waliyapitia haya haya. Tim Witherspoon alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Promota wake alikuwa Don King, na meneja wake alikuwa Carl King, mtoto wa Don. Julai 1986 alikwenda Wembley akampiga Frank Bruno mbele ya Waingereza wenzake, akarudi na dola 90,000 hivi, huku Bruno aliyepigwa akipata karibu mara kumi ya hizo. Ilibidi aende mahakamani ndipo walipane.

Na huyu huyu Don King ndiye aliyeleta usiku mkubwa kuliko yote uliowahi kuonekana Afrika. Mwaka 1974 aliwaahidi Muhammad Ali na George Foreman dola milioni 5 kila mmoja, na mwenyewe hakuwa nazo. Mobutu, rais wa Zaire, akabeba mzigo, pambano likapigwa Kinshasa alfajiri ili Marekani waone usiku, Foreman akalala raundi ya nane. Tunalisifu mpaka leo, na mimi nalisifu. Mobutu alitaka jina, akalipata, akaendelea na shughuli zake.

Mdhamini huja na sababu zake na huondoka na sababu zake. Fatuma Zarika wa Kenya aliutetea mkanda wake wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) nyumbani Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, mwaka 2017, kampuni ya kamari ya SportPesa ikiwa nyuma yake. Agosti 2019 kampuni ikasitisha udhamini wake wa michezo Kenya kwa mgogoro wa leseni na serikali. Novemba mwaka huo Zarika akaenda kuutetea mkanda Mexico, kwa Yamileth Mercado, akaupoteza. Sisemi leseni ndiyo iliyompiga. Nasema yeye hakuwa kwenye ule mgogoro.

Wamarekani walipochoka walitunga sheria mwaka 2000 wakaipa jina la Muhammad Ali. Inakataza promota kuwa na maslahi kwa meneja, na inamtaka promota amwonyeshe bondia pambano limeingiza nini. Mwaka 2025 ukapelekwa muswada wa kuibadilisha, unaoungwa mkono na kampuni iliyomo kwenye mradi mpya wa ngumi pamoja na Wasaudia. Una mazuri: kima cha chini cha malipo kwa raundi, na bima. Lakini pia unaruhusu taasisi moja iwe na mabondia, viwango vya ubora na mikanda yake yenyewe. Niliposoma hapo nikakumbuka boneti ya gari.

Kwa hiyo vijana, sikilizeni. Pesa ya tajiri pokeeni, msijifanye malaika. Ila kabla ya kusaini uliza nani promota, nani meneja, na kama ni mtu mmoja, au mtu na shemeji yake, usisaini. Kiasi kiandikwe. Kiandikwe na cha pambano la nje, kilicholipwa na ulichopewa, vyote viwili. Muda wa mkataba uandikwe, na iandikwe kwamba akikaa miezi sita bila kukupa pambano uko huru. Matibabu baada ya pambano yaandikwe, nani analipa. Peleka karatasi kwa mwanasheria, hata yule wa mtaani anayegonga mihuri ya viapo, maana kusoma anajua. Nakala moja mpe mama yako, na uhakikishe kamisheni ya ngumi nao wanayo. Usiseme "Baba hawezi kunifanyia hivi." Baba mwiteni mzazi wenu. Mwenye mkataba mwite kwa jina lililoandikwa kwenye mkataba.

Na ombeni wapinzani wa kweli mapema. Wepesi wakizidi, ujue kuna mnunuzi anatafutwa.

Promota mmoja ninayefanya naye kazi aliniambia vipengele vyangu vitawafukuza matajiri. Kijana wangu anapanda ulingoni mwezi ujao, raundi nane, vipengele vyote vimo, na tajiri bado yupo. Ameomba tu viatu viwe na nembo ya duka lake.